Mbuzi wa Ntheo

Kwenye harusi moja Matiliku nilikokuwa DJ, maharusi walipoingia hemani nilishika maikrofoni nikapaza sauti: “Bwana na bibi!”

Kumbe mbuzi wa ntheo hawajapelekwa kwa kina msichana, na kwetu Ukambani bila hao hajaolewa, hata pasta aseme nini. Ningejuaje? Hakuna aliyeniambia! Mjomba wa msichana alinipiga ngumi ya mdomo, akaangusha spika kwa teke. Wajomba wenzake wakawavamia ndugu za bwana harusi kwa viti. Nilitema jino kwenye waya zangu.

Bwana harusi akatuma watu sokoni, mbuzi wakaletwa kwa bodaboda, vita vikaisha. Yule mjomba akanirudia, akanikabidhi maikrofoni: “DJ, sasa sema.”

Nikasema, damu ikinitoka mdomoni. Yeye ndiye aliyepiga makofi kwanza.