Harusi Zangu za Uongo

Katika mwaka mmoja nimeozesha mabinti watano wasiokuwepo duniani. Wote niliwaweka mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo ya feri, kwa makusudi, maana ukisema unavuka Likoni hakuna atakayekuuliza mbona umechelewa kurudi. Foleni ya feri inajulikana na kila mtu. Kumbe mimi nilikuwa Frere Town, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Mtopanga, nimekaa kwenye mkeka wa mama mmoja apakaye watu hina.

Nyumbani nilikuwa na mavyaa, mamake mume wangu. Alipooza upande wa kushoto, na tangu siku hiyo mimi ndiye mkono wake na mguu wake. Namwosha, namlisha uji, namgeuza ubavu huu na ule asije akatoka vidonda. Mume wangu anafanya kazi kwenye bohari Changamwe. Hutoka alfajiri na kurudi magharibi. Watu wakija kumwangalia mgonjwa huniambia Mungu atanilipa, kisha huvaa viatu vyao wakaenda zao. Mavyaa mwenyewe alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonibana zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumua.

Wifi yangu alikubali kuja kunishikia zamu kwa jambo moja tu, nalo ni harusi. Ukisema unataka kulala, wewe mvivu. Ukisema unataka kutembea, huna haya, na mgonjwa ndani. Lakini ukitaja harusi, wifi huyo mlangoni na kanga yake begani, kwa kuwa usipokwenda za wenzako, zako utacheza peke yako.

Na kwa nini hina? Kwa sababu mikono ikishapakwa haifanyi kitu. Unakaa umeinyoosha juu ya mapaja, saa nzima, saa mbili, mpaka ikauke. Pua ikikuwasha, ni mwenzako akukunaye. Hakuna binadamu awezaye kukuambia nishikie hiki, niletee kile. Maua sikuyajali, hata angenichorea kuku ningeshukuru. Nilichopenda ni kule kuwa sifai kwa lolote.

Hata hivyo raha sikuipata kamili. Mikono ilitulia, roho ikabaki Mtopanga. Je, wifi amekumbuka kumgeuza? Mto ameuweka wapi? Nami nikirudi, mavyaa hunisubiri na maswali yake. Bibi harusi alikuwaje? Walipika pilau au biriani? Nami humwelezea, na nusu ya uso wake inayoweza kucheka hucheka. Niliona haya. Nilikuwa nikimlisha uongo kwa kijiko kile kile cha uji.

Harusi ya tano ndiyo iliyoniumbua. Mimi kwetu ni Mariakani, na miezi yangu ni ile ya kalenda ya ukutani. Mavyaa miezi yake huihesabu kwa mwandamo, tangu Ramadhani iishapo, kitandani pale pale, bila kukosea. Nilipoingia na hina yangu, hakuuliza habari za pilau.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Leo tuko mwezi gani?"

"Agosti, mama."

"Agosti ni ya watu wa ofisini. Huu ni Mfunguo Tano. Wazee wetu hawafanyi harusi Mfunguo Tano, ni mwezi wa mikosi. Ni watu gani hao, wallahi, wasioogopa?"

Tangu augue maneno yake yalikuwa mazito, lakini hayo niliyasikia yote. Ningeweza kubuni jibu, nilikwishakuwa fundi. Nilichoka.

"Hakuna harusi, mama. Haikuwapo hata moja. Nilikuwa nakwenda kukaa tu."

Akafumba macho. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, na kabla ya magharibi mume wangu alikuwa na habari zote.

Nilitamani agombe. Hakugomba. "Kumbe ni hina tu?" akasema, akacheka. "Ungesema mapema! Mwite huyo mama aje akupake hapa hapa. Hutahangaika tena kutoka." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyetengeneza bomba lililokuwa likivuja. Nikamwambia ahsante. Ndani yangu nilihisi nimefungiwa mlango, na aliyeufunga ananipenda, kwa hiyo sina hata wa kumpigia kelele.

Mama wa hina akaja Jumamosi iliyofuata. Wifi hakuja, aje kwa lipi ikiwa mimi nipo? Nikapakwa, mama wa watu akaaga, nikakaa sebuleni mikono mapajani. Haikupita nusu saa.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

Kisha akasema, "Basi."

Ile basi yake naijua. Alikuwa amebanwa na haja, na alikuwa anajaribu kujizuia kwa ajili yangu. Nikaenda bombani nikaosha hina yote, nikaingia. Nilipokuwa namsafisha aliona viganja vyangu, rangi ya papai bichi linaloanza kuiva. Machozi yakamtoka jicho moja. Nami nilikuwa na hasira, sitaficha, hasira ya kutaka kuvunja kitu, na nilikuwa namhurumia, yote mawili kwa pamoja. Nikalia huku namfunga kanga.

Mwezi ukaandama, Mfunguo Sita ukaingia. Jioni moja mume wangu amekaa kitandani kwa mamake, nikamsikia mavyaa akisema, "Jumamosi kuna harusi Shika Adabu. Mkeo aende. Mwite dadako."

"Harusi ya kweli, mama?"

"Mimi ni mwongo?"

Mume wangu akakuna kichwa. Mimi nilikuwa nachuja uji, nikaendelea kuuchuja ingawa ulikwisha kuchujika.

Nikaenda Frere Town. Mikono ilipokuwa imejaa hina mbichi, simu ikalia kwenye mkeka, na jina lilikuwa la wifi. Mama wa hina akauliza, "Nikuwekee sikioni?"

"Iache."

Ikalia mpaka ikachoka, ikalia tena. Nikawaza mavyaa ameanguka, amekufa, na mimi nimekaa na maua viganjani. Sikuinuka. Nilikaa mpaka ikakauka, ikaanza kubanduka yenyewe.

Nyumbani nikamkuta wifi anavaa viatu. "Nilikupigia nikuulize shuka safi ziko wapi. Mama kasema nisikusumbue."

Nikaingia chumbani. Mavyaa ananitazama.

"Bibi harusi alikuwaje?"

"Amechoka, mama. Lakini leo kapumzika kidogo."

Akanishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakielekeza dirishani penye mwanga. Hina ilikuwa imeiva, nyekundu ya kuelekea weusi.

"Imekolea," akasema. "Sasa nigeuze."

Nikamgeuza. Ubavu ulikuwa mwekundu tangu begani hadi nyongani, na mikunjo ya shuka imejichora kwenye ngozi. Tangu nitoke hakuwa amemwomba mtu amgeuze.