Filimu ya Wanaume Ilipoonyeshwa kwa Wanawake

Siku hiyo kule Rumonge, wanaume walimwona mtoto akizaliwa. Na sisi wanawake tukaonyeshwa ugonjwa wa wanaume.

Ilikuwa kiangazi cha 1971. Watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka.

Naitwa Pascasie. Wakati ule nilikuwa msichana tu, lakini walishaniita Mama Bora, kwa binti yangu Bora aliyekuwa anaanza kukimbia. Baada yake, tumbo langu likanyamaza.

Mama mkwe wangu, Cikuru, alininywesha majani machungu kila asubuhi. Mume wangu Hubert alikuwa anaangalia tu.

Halafu mama mkwe akatoa neno.

"Noeli ikifika na tumbo iko vile vile, Hubert anaoa mwingine. Wewe unarudi kwenu Kabezi. Mutoto anabaki. Mutoto ni wa kwetu."

Sikulia. Niliendelea kuosha sufuria.

Jioni nilikuwa nasoma darasa la wanawake. Ndiko nilikojulia kusoma na kuandika. Tulifundishwa pia kupiga pasi kola ya bwana, kuogesha mtoto, na kutabasamu bwana akirudi amechoka.

Siku moja nikamuuliza mwalimu Marguerite kuhusu magonjwa ya mume na mke.

"Hayo ni ya wanaume," akasema, akifuta ubao ambao haukuandikwa kitu.

Basi, lori la sinema likaja kutoka Bujumbura, na Jean-Pierre wa kuendesha mashine. Filimu mbili. Ya uzazi kwa wanawake, mchana. Ya magonjwa ya zinaa kwa wanaume, jioni. Hubert alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, akaitwa kuwasha jenereta.

Madirisha ya ukumbi yakazibwa kwa mikeka. Tukajaa, na watoto mgongoni.

Picha ya kwanza ikatoka: mwanaume amekaa baa, na msichana amemwegemea.

Mwalimu Marguerite akaruka na kitenge chake, akaziba mwanga wa mashine.

"Si hii! Jean-Pierre, zima!"

Kadidja, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akasimama. "Mwalimu, toa hiyo nguo! Mwanzo tumeisha uona, tuone na mwisho!"

"Ndiyo! Huyo bwana anaenda wapi?"

"Anaenda kwa bibi yake, si unajua!"

Kelele zikawa nyingi, mwalimu akaondoa kitenge, akakaa.

Sauti ilisema Kiswahili cha Kongo, polepole. Mwanaume anaokota ugonjwa mjini. Anachomwa sindano kwa siri, anapona. Mke anaachiwa ugonjwa bila kujua, kwa sababu mara nyingi haumwi mahali popote. Tumbo linafunga. Watu wanasema mke ni mgumba.

Kadidja akakaa chini.

Nilikumbuka safari za Hubert za Bujumbura, kununua vipuri. Nilikumbuka sindano aliyochomwa huko. Alisema ni ya mgongo.

Nilijisikia kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, lakini si wako.

Jioni wanaume wakaingia, imebaki filimu moja tu, ya uzazi. Asmani, mchinja ng'ombe, yule anayeshika kisu tangu alfajiri, alizimia, akaanguka toka kwenye benchi mtoto alipotoa kichwa. Wakamtoa nje, wakamwagia maji.

Lori likifungwa, nikamwendea Jean-Pierre, mwenye mashine.

"Murakoze, asante kwa lile kosa lako."

Akacheka. "Kosa gani, mama? Mume wako ndiye alinipangia makopo ya filimu. Asubuhi tulizijaribu zote mbili. Akasema mwalimu amebadilisha programu."

Nilimkuta Hubert ananawa mafuta ya mashine.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakuinua macho. "Ningesema na mdomo gani, Mama Bora? Mwanaume anaambia bibi yake maneno kama yale?"

"Mama yako ananinywesha majani, wewe unaangalia."

"Ndiyo."

"Basi kamwambie na yeye. Sinema ya kumwonyesha haiko."

Jumapili baba mdogo wa Hubert, Lukeba, akaja kutoka Minago. Tukakaa. Hubert alisugua magoti yake, akasema:

"Ni mimi. Ugonjwa niliutoa mujini. Nilijitibisha peke yangu, yeye nikamwacha."



Cikuru akaangua kicheko. "Mumesikia? Mwanaume muzima anajisingizia sababu ya bibi! Wewe mwanamke, umemulisha nini mutoto wangu?"

"Amelogwa," Lukeba akasema. "Tusingojee Noeli. Aende leo. Mutoto abaki."

Kumbe hata mwanaume akikiri kwa mdomo wake, kosa linarudi kwangu. Nilitafuta hasira, sikuiona. Nikamvuta Bora mapajani, nikamshika.

Hubert akasimama. Nilidhani anakuja kumchukua. Alimchukua kweli. Akamkalisha mbele kwenye baiskeli.

"Panda nyuma, Mama Bora."

"Hubert!" mama yake akapiga kelele. "Ukitoka hapo, wewe si mwanaume!"

"Basi," akasema. "Basi mimi si mwanaume."

Tukaenda Kabezi. Huko tulichomwa sindano wote wawili, tumekaa benchi moja. Tumbo langu halikufunguka tena.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, Hubert alirudi Rumonge kumpelekea mama yake unga wa muhogo. Ndizo siku zile mauaji ya 1972 yalipoanza kule. Hakurudi. Mama Cikuru naye, sijui aliishia wapi.

Watu wananiuliza kama nilimsamehe. Alinyamaza miaka, akasema siku moja. Yote mawili ni yeye. 

Bora alikua mikononi mwangu. Yeye na wavulana wa jirani niliwafundisha pamoja mambo ya filimu zile, maneno yale yale, hata walipoona haya.

Nanyi mnaosoma, watoto wenu wakiuliza mambo ya mwili, msiwatenge, wasichana huku na wavulana kule. Wajibuni wote pamoja, mapema. Mume wangu alihitaji lori, jenereta na filimu mbili ili nijue jambo ambalo angeniambia tukiwa tunakula ugali.