Jedwali la Mtama Mweupe

Triza Nangila hakumpenda Profesa Mulama, na hakuwa mtu wa kulificha hilo. Wauza mboga wa soko la Jericho walijua. Fundi viatu alijua. Annah, jirani yake ukuta kwa ukuta katika zile nyumba za zamani za kaunsili ya jiji, alikuwa amesikia habari za Mulama hadi angeweza kumtambua barabarani bila kuwahi kumwona. "Leo ameamkaje yule wako?" Annah aliuliza kila jioni walipokutana mferejini, na Triza aliweka ndoo chini ili mikono iwe huru kusema.

Triza alikuwa mpiga chapa na mpanga kurasa wa *Mizizi*, jarida la biolojia ya mimea lenye ofisi ya vyumba viwili kando ya Barabara ya Jogoo. Mulama ndiye aliyekuwa mhariri mkuu. Wasomi walileta makala, Mulama akaamua zipi zitoke, na kazi iliyobaki yote ilikuwa ya Triza. Aliifanya miaka ishirini na sita. Juu ya hiyo alijianzishia nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Kila makala ya *Mizizi* iliporejelewa, yaani mtafiti fulani huko duniani alipoitaja katika maandishi yake, Triza aliyatafuta maandishi hayo akayasoma, kisha akaandika mstari mmoja katika daftari jeusi. Aliyesifu alimwekea alama yake. Aliyenakili bila kusoma alimwekea yake, na hao walikuwa wengi kama siafu. Aliyetukana naye alikuwa na alama yake, na hizo ndizo Triza alizoziandika kwa wino mzito.

Sasa jarida lilikuwa linatimiza miaka thelathini, na Mulama alitaka ripoti. Utafiti umeelekea wapi tangu mwanzo, nani amerejelewa na mara ngapi, jarida lina uzito gani mbele ya wenzake. Triza akaketi na daftari lake, akachora mistari. Miaka ya mwanzo watu waliandika kuhusu majina ya mimea na mahali inapoota. Kisha yakaja magonjwa ya mazao, kisha ukame, na siku hizi kila mtu anaandika kuhusu vinasaba. Mistari ilipanda na kushuka kama kawaida. Ila mmoja ulipanda tu bila kushuka, nao ulikuwa wa makala moja fupi ya kurasa tatu, iliyotoka miaka ishirini nyuma, ya Mulama mwenyewe. Ilirejelewa mara mia nne na mbili. Ukiitoa hiyo, *Mizizi* ni jarida la kufungia njugu.

Makala hiyo ilihusu kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama mpaka mtama unyauke. Mulama alijaribu mbegu mbili, mtama mweupe na mtama mwekundu. Maneno yake yalikuwa machache, kwamba mbegu hizo zimetofautiana sana na msomaji atazame jedwali. Jedwali lilionyesha kuwa mweupe umelivumilia gugu na mwekundu umekufa. Dunia nzima ya wasomi ilishangaa, maana hakuna aliyetarajia hivyo, na mshangao huo ndio uliomfanya Mulama kuwa Mulama. Alialikwa huku na kule kuhutubu juu ya mtama mweupe. Akanunua suti.

Triza alicheka miaka ishirini. Mama yake alilima Bungoma katika shamba lililojaa kayongo, na hakuna siku aliyopanda mweupe humo. "Profesa mzima," alimwambia Annah, "na hajui kitu mama yangu alikijua bila kwenda shule hata siku moja. Anatembea na ujinga wake kwenye ndege." Alilisema hilo sokoni, akalisema kanisani baada ya ibada, akalisema kwenye matanga. Kila alipokuta mtafiti ameandika kwamba amejaribu kama Mulama na hakuona kitu, wino mzito ulimwagika kwa raha. Watukanaji walifika sitini na mmoja.

Alipompelekea ripoti alihakikisha hiyo sitini na moja ameiweka ukurasa wa kwanza. Mulama aliisoma akiwa amesimama.

"Hii itoe," alisema.

"Ni watu waliorejelea, Prof."

"Waliorejelea wahesabu. Walisema nini si kazi yako. Anayenitukana ananihesabia moja, na anayenisifu ananihesabia moja. Mashine haijui matusi, Bi Triza. Wewe kazi yako ni kupanga kurasa."

Triza aliichukua ripoti yake. Aliitoa ile sitini na moja, akarudi nyumbani akambwatukia Annah kana kwamba Annah ndiye Mulama.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, mlango wake wa Jericho ulibishwa na mtu asiyekuwa na muda wa hodi. Alikuwa msichana Msomali wa kama miaka ishirini na minane, hijabu ya kijivu, mfuko wa karatasi begani, uso umekunjwa. Hakuketi alipoonyeshwa kiti.

"Mimi ni Hibaq. Natoka Eastleigh. Wewe ndiye unapanga *Mizizi*?"

"Salamu kwanza, msichana."

"Shikamoo. Nataka kuona karatasi za makala ya Mulama. Zile alizozileta kwa mkono. Ofisini wamenifukuza, mlinzi akaniambia mwenye kuweka karatasi ni wewe."

Alieleza kwa ukali, kama mtu aliyeeleza mara nyingi na kuchoka kutosadikiwa. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu ya biolojia ya mimea. Utafiti wake ulianzia pale Mulama alipoishia, kwenye mtama mweupe. Alipanda mara ya kwanza chuoni, mtama mweupe ukafa. Akapanda mara ya pili, ukafa. Mara ya tatu alisafirisha magunia ya udongo wenye kayongo kutoka Busia, akaupandisha ghorofa sita hadi juu ya paa la jengo la mjomba wake, Samatar, akapanda kwenye ndoo na kulala karibu nazo. Ukafa tena. Msimamizi wake alimwambia kwamba makala iliyorejelewa mara mia nne haiwezi kukosea, kwa hiyo anayekosea ni yeye. Ijumaa ijayo kuna kikao cha kumwondoa chuoni.

"Miaka mitatu," Hibaq alisema. "Nimebeba udongo mgongoni kama punda. Kama huyo mzee alidanganya, nataka nimwone amedanganya wapi."

Triza alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mno. Hatimaye ameletewa mtu wa kumfunga Mulama mdomo. Chini ya kitanda alikuwa na masanduku, kwa sababu hakuwahi kutupa karatasi ya mwandishi yeyote, na alilivuta la mwaka ule akipangusa vumbi kwa kanga. Alizitandaza karatasi za Mulama mezani. Kando yake akaliweka toleo lenyewe lililochapwa.

Karatasi za Mulama zilikuwa za ajabu, naye alizikumbuka mara moja. Kompyuta ya maabara wakati ule haikuweza kuchapa jedwali pana, kwa hiyo Mulama alileta nambari kwenye karatasi moja na majina ya safu kwenye vipande viwili vidogo vilivyokatwa kwa makasi. Kimoja Mweupe, kimoja Mwekundu. Triza alivibandika kwa gundi juu ya nambari, hapa hapa, kwenye meza hii hii, kisha ukurasa ukapigwa picha kiwandani. Ndivyo walivyofanya majedwali yote siku hizo.

Hibaq aliigeuza karatasi ya nambari. Nyuma yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa Mulama, kulikuwa na maelekezo. Safu ya kushoto, mwekundu. Safu ya kulia, mweupe.

Triza alitazama toleo lililochapwa. Kushoto, Mweupe. Kulia, Mwekundu.

Akatazama tena. Akaishika ile karatasi ya zamani, akaona gundi yake mwenyewe imegeuka rangi ya chai, na vipande viwili vimekaa sawasawa, vimenyooka, kazi safi kabisa, upande usio wao.

"Nani alibandika?" Hibaq aliuliza.

Triza aliupitisha ukucha juu ya gundi. Miaka ishirini ya kucheka ilimrudi yote kwa pamoja. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wale sitini na mmoja aliowaandika kwa wino mzito walikuwa wamemtukana yeye.

"Nauliza nani alibandika."

"Ni mimi," Triza alisema.

Hibaq aliushusha mfuko wake begani. Hakupaza sauti. "Basi nyinyi nyote wawili," alisema, akaketi kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Jumatatu Triza alikuwa ofisini kabla ya Mulama. Alimwekea karatasi mbele yake bila salamu, akamwambia kwamba yeye, Triza, alikosea, kwamba vichwa vya safu vimepishana, na kwamba toleo linalotoka wiki hii liwekwe sahihisho. Alitarajia mzee atashtuka. Alijiandaa kutukanwa.

Mulama alivua miwani akaifuta.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua wiki ile ile jarida lilipotoka. Nilikuja na barua ya sahihisho mfukoni. Nikakuta barua nne mezani za kunipongeza. Wiki iliyofuata zikawa kumi na moja." Alivaa miwani. "Matokeo ya kweli yalikuwa yale yale yanayojulikana na kila mkulima. Nani angeyasoma? Kosa lako limelipa kodi ya ofisi hii miaka ishirini, na mshahara wako umetoka humo. Kwa hiyo usiniletee uso wa padri."

"Kuna msichana anafukuzwa chuo Ijumaa."

"Wanafukuzwa kila mwaka. Na sikiliza. Ukichapa hilo sahihisho, mimi nitasema nilileta karatasi zangu sawa na mpiga chapa akaziharibu, na penseli yangu iko hapo kuthibitisha. Hakuna jarida mji huu litakalokupa hata ukurasa mmoja upange. Una miaka hamsini na mitano. Utafanya nini?"

Angalau hilo lilikuwa swali la haki, na Triza alilibeba hadi nyumbani. Alimkuta Annah mferejini. Annah aliuliza yule wake ameamkaje, Triza akachukua ndoo yake akaenda zake. Alichukia alivyochukia kila mara, lakini safari hii hakujua pa kuitupa chuki yenyewe. Angenyamaza, kazi ingebaki na Mulama angeendelea na suti zake. Angesema, mtu wa kwanza kumwagiwa maji machafu angekuwa yeye. Na yule msichana alibeba udongo ghorofa sita.

Jumatano mchana Mulama alikwenda kuhutubu, na funguo za tovuti ya jarida zilikuwa mikononi mwa Triza kama zilivyokuwa siku zote. Alipanga ukurasa wa kwanza wa toleo jipya. Aliweka jedwali lote upya, mwekundu kushoto, mweupe kulia. Chini yake akaandika kwamba vichwa vya safu vilibandikwa kimakosa na mpanga kurasa, na kwamba mwandishi alilijua kosa hilo tangu wiki lilipochapwa. Akatia sahihi, Triza Nangila. Akalichapisha. Kisha akapanda hadi Eastleigh, akampata Hibaq kwenye paa kati ya ndoo za mtama mkavu, akamkabidhi karatasi zenyewe pamoja na gundi yake.

"Peleka hizi kwenye kikao. Usiwape wakae nazo."

Hibaq alizipokea kwa mikono miwili. "Sitakuambia asante."

"Sikukuomba."

Alhamisi Triza alifutwa kazi. Mulama alisema yote aliyoahidi kusema, akaongeza mengine. Sahihisho aliling'oa kwenye tovuti, lakini wasomaji wakaandika kuuliza limekwenda wapi, akalazimika kulirudisha. Kuhusu ile penseli watu walimwamini. Kuhusu kwamba alijua tangu wiki ya kwanza walisema ni maneno ya mfanyakazi mwenye kinyongo, na kinyongo alikuwa nacho kweli, nusu ya Jericho ingeweza kuapa. Mulama alibaki mhariri. Hibaq naye alibaki chuoni. Triza alisikia hilo kwa wengine.

Sasa ana meza katika saiba moja, duka la intaneti kando ya soko, anawajazia watu fomu na kuwachapia barua. Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kufutwa, siku isiyokuwa na wateja, alifungua tovuti zinazohesabu marejeleo. Makala ya mtama mweupe, ile ile yenye kosa, ilikuwa imerejelewa mara thelathini na saba zaidi tangu sahihisho litoke. Akatafuta sahihisho lenyewe.

Annah alikuwa amepita na kikapu cha sukuma. Aliona jirani yake ameinamia mashine, akaja kuchungulia.

"Nini?"

"Nimerejelewa," Triza alisema.

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Na yule wako?"

"Thelathini na saba."

"Wee. Si amekushinda basi."

"Hao wote thelathini na saba hawakusoma, Annah. Huyu amesoma mpaka nukta ya mwisho."

Annah aliinama akatazama, ingawa maandishi yalikuwa Kiingereza cha wasomi na madogo kama mchele. Jina la mwandishi juu lilikuwa la Hibaq. "Amekuandika nini?"

"Kwamba nilikosea," Triza alisema, akarudi mwanzo wa sentensi aisome tena.