Wanawake wa Sare ya Buluu

Iyamide Decker alirithi meza ya bamia na samaki wa moshi kwa mama yake, pale sokoni Freetown, na hakuwahi kufikiri kwamba angeulizwa yuko pale kwa ruhusa ya nani. Kisha ikatoka amri ya Gavana wa Kiingereza: soko livunjwe kabla ya mvua, pajengwe bustani ya matembezi. Wanawake wa sokoni walikwenda kwake kuomba, wakaishia getini.

Siku ya kuzaliwa Mfalme wa Uingereza geti hilo huwa wazi kwa wote. Iyamide akasema waende wamevaa sare, kama waendavyo harusini na matangani.

"Kwani tumefiwa na nani?" akauliza shoga yake Abioseh.

"Bado hatujafiwa. Ndiyo maana tunawahi."

Wakashona nguo za kitambaa kimoja cha buluu, wakaingia kwa Gavana wamejipanga, Iyamide mbele.

Gavana, Sir Everard Lisle, alikuwa mwinyi wa kuzaliwa. Kwao Uingereza, watu wengi wakivaa rangi moja ni watumishi wa jumba moja, na jumba lina mwenyewe. Alipowaona akasimama, akavua kofia yake ya manyoya, akamwendea Iyamide kwa heshima ambayo hakuwa amempa mtu yeyote pale.

"Bibi, hawa wote ni watumishi wako?"

Abioseh akamfinya mgongoni. "Itikia, we," akanong'ona. "Mimi leo nitakuwa mpishi wako."

Iyamide alitamani kuitikia. Heshima ile ilikuwa tamu, na pengine ingetosha kuliokoa soko. Lakini aliona aibu kuwageuza wenzake watumishi, hata kwa dakika moja.

"Hapana, Bwana. Hapa hakuna bibi wala mtumishi. Sisi ni watu wa nyumba moja, na hiyo nyumba ni soko unalotaka kulivunja."

Gavana akawa mwekundu shingo nzima. Akasema atakuja kuliona.

"Njoo asubuhi," Abioseh akadakia, "jua likipanda samaki watakukimbiza."

Alikuja kweli. Akazunguka, akauliza maswali, na kabla ya kuondoka akasema pasivunjwe. Bustani itafutiwe mahali pengine. Iyamide hakujidanganya: aliyeweza kuliacha soko kwa neno moja angeweza kulivunja kwa neno jingine. Hata hivyo, jioni ile hakuna aliyezungumzia kuhama. Walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu paa: waezeke mabati, au nyasi zinatosha.