Kozi Juu ya Tangi la Jirani

Mlango wangu haukubishwa, ulipigwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nakunja msala baada ya sala ya alasiri, nikateremka ngazi mbio, nikafungua. Aliyesimama pale ni jirani yangu wa nyumba ya mbele, mwenzangu tangu tukisoma chuo cha Kurani, meno ya mbele yametutoka. Buibui lilimkaa upande, na hakunisalimu. Kwetu Mji wa Kale hata mtu anayekuja kukushtaki hukuuliza kwanza waamkaje, na kama wa nyumbani hawajambo, ndipo akushtaki. Asiyesalimu amekuja na moto.

"Kamera yako i wapi?" akaniuliza.

Nyuma yake, kwenye baraza yangu, alikaa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, kashika kikombe alichotiliwa na muuza kahawa apitaye. Bwana huyo ndiye walii wa binti wa jirani yangu, wa kumwoza, na ndiye aliyeipanga harusi ya Ijumaa ile. Hakunitazama, alisema na ukuta.

"Dada, tusifike mbali. Itoe kamera niipeleke kwa fundi wa simu aifungue, tujue mna nini ndani."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Binti alikuwa amewekwa ndani, kama awekwavyo kila mwari wa kwetu anapokaribia kuolewa. Husingwa kwa singo, ule mchanganyiko wa manjano na liwa, mpaka mwili ung'ae, na haonekani na mtu wa nje mpaka siku ya kutolewa. Sasa mtu aliniona mimi alfajiri juu ya dari langu, paa la bapa la nyumba, na lenzi ndefu kama mchi, imeelekea dari la kina mwari. Kabla ya adhuhuri maneno yalikuwa yamefika Biashara Street, dukani ninakouza leso, na kila yalipopita yaliongezwa chumvi. Kwamba nimempiga picha mwari na singo usoni. Kwamba picha zimo kwenye simu za watu. Mteja mmoja alirudisha leso aliyokwisha kuichagua, akatoka bila kuniaga.

Na dawa ya aibu hiyo, kwa akili za yule bwana, ni kuipeleka kamera kwenye kibanda cha fundi, vijana wote wa mtaa waiinamie. Kama mwari yumo, basi ndiyo kaanikwa.

Jirani yangu alimgeukia. "Shemeji, niache nipande mimi kwanza. Ya wanawake huonwa na wanawake."

"Haya," akasema. "Nikimaliza kahawa hii napanda."

Na vikombe vya kahawa vya kwetu mwavijua. Mafunda matatu, kimekwisha.

Tulipanda, mimi mbele, yeye nyuma. Nilijua sikumpiga picha mwari. Nilichokuwa nikitafuta mimi ni kozi, yule ndege mwindaji. Alianza kutua juu ya tangi lao la maji tangu kaskazi ilipoingia, kifua cheupe chenye mistari, anawinda njiwa wa mtaa. Nilikuwa nimeambiwa na daktari nitafute jambo la kunituliza, maana damu yangu hupanda upesi na ulimi wangu hupanda kabla yake. Nikanunua kamera iliyotumika, nikajiunga na mwalimu mmoja mstaafu anayefundisha watu kupiga picha za ndege na wanyama. Miezi ya mwanzo nilipata mikia, mbingu tupu, na kunguru wasiotakiwa na mtu. Wahenga walisema, kozi mwanamandanda, kulala njaa kupenda, na mimi nililala njaa naye, ila mimi sikupenda.

Lakini nilikuwa nafundishika, na wallahi nilijionea fahari. Mimi ninayegombana na mteja kabla hajaikunjua leso, nilijifunza kukaa bila kutikisika mpaka miguu ife ganzi. Nilijua kwamba kozi kabla hajaruka huinamisha kichwa mara kadhaa, kama anayekubali jambo. Niliweza kusema "sasa," naye akaruka. Hapakuwa na mtu wa kumsimulia furaha ile, nani atanielewa?

Tuliketi kitandani. Nikawasha kamera, tukaanza. Kunguru. Kunguru. Mkia. Tangi tupu. Kozi amenipa mgongo. Jirani yangu alikuwa akipumua juu ya bega langu, na kila picha iliyopita nilimsikia akilegea kidogo. Chini, nilisikia vikombe vikigonganishwa. Muuza kahawa alikuwa bado yupo. Nikamwomba Mungu amjaze yule bwana kikombe cha pili.

"Ndege tu," nikamwambia mwenzangu. "Waniona nilivyo mjinga, nachomwa na jua kwa ajili ya ndege?"

Akataka kucheka. Ndipo ikaja ile picha.

Ilikuwa ya jana yake asubuhi, na ndiyo iliyo bora kuliko zote nilizopata kupiga maishani. Kozi amefungua mbawa, kucha bado zagusa tangi, jicho lawaka. Usiku kucha nilikuwa nimeitazama, na nilitazama jicho tu, maana mwalimu wetu husema jicho likiwa wazi picha ina uhai. Nyuma ya ndege sikupaangalia kabisa. Anayeijua kazi hulifungua sana tundu la lenzi, ndege akatoka wazi, vilivyo nyuma vikawa ukungu. Mimi mwanafunzi niliogopa jua, nikalibana tundu kupita kiasi, na kila kitu kikatoka wazi: kamba ya nguo, kutu ya tangi, chokaa inayobambuka.

Na mwari. Alikaa sakafuni, baina ya tangi na ukuta, magoti kifuani, leso mabegani. Uso ulikuwa wa manjano kwa singo, na juu ya ile singo machozi yalikuwa yamechimba njia mbili, kutoka machoni mpaka kidevuni.

Nilingoja kofi, nilingoja ukelele. Jirani yangu aliinamia kioo.

"Ikuze," akasema.

Nikaikuza, mpaka ule uso ukajaa kioo chote.

"Hii ya lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi aliniambia kichwa chamuuma, ataka kulala." Akaigusa kamera kwa kidole, kama ambaye angeweza kuyafuta yale machozi. "Lakini aliulizwa. Ami yake huyu aliye barazani alimuuliza mbele yetu sote, akanyamaa. Na kunyamaa kwa mwari ndiyo ridhaa. Sivyo tulivyofundishwa?"

"Ndivyo," nikasema. "Na tulifundishwa pia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimekasirika, na sikujua namkasirikia nani. Binti yule nilimwona akizaliwa. Amesoma mpaka akamaliza chuo kikubwa kule karibu na Buxton, na mdomo wake ulikuwa hauna breki, alikuwa akinitania dirisha kwa dirisha. Tangu posa ije hakuwa amenitania tena, na mimi mwenye lenzi ya kuhesabu manyoya ya ndege sikuwa nimeliona hilo.

"Hodi!" Sauti ya yule bwana ilitoka chini ngazini. "Mwanamume napanda! Jitandeni!"

Tukatazamana. Hatua zake zilikuwa nzito, na ngazi za nyumba yangu si nyingi.

"Futa," akasema mwenzangu.

Iliniuma, sitasema uongo. Mkono wangu ulikataa. Jasho la miezi yote ile lilikuwa mle, na ndege kama yule katika hali kama ile huenda nisimpate tena mpaka nizikwe. Jirani yangu hakuniharakisha. Alinishika kifundo cha mkono tu. Kamera ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Kioo kikaleta picha iliyofuata, mkia wa kozi ukitoka pembeni, na nyuma yake anga tupu.

Bwana akaingia, kikombe bado mkononi. Jirani yangu alikuwa ameshaichukua kamera, akamwonyesha yeye mwenyewe, moja baada ya moja. Kunguru, kunguru, mkia.

"Ndege tu?"

"Ndege tu, shemeji. Nimeziona zote."

"Basi, alhamdulillahi." Uso ukamkunjuka, hata mimi akanitupia tabasamu. "Tumemdhania mtu bure. Ijumaa tu pamoja, inshallah."

"Nina neno na mwanangu kwanza," akasema jirani yangu.

"Neno gani sasa, na wageni washaalikwa?"

Alijitanda buibui, akampita, akashuka.

Harusi haikuwa Ijumaa ile, wala Ijumaa nyingine. Kuanzia kichochoro chetu mpaka maduka ya vinyago ya Ndia Kuu watu walisema kwamba lenzi yangu ndiyo iliyoiharibu, na mimi sikujitetea, maana ningejitetea ningelazimika kueleza. Yule bwana hanisalimu mpaka leo. Bado napanda darini na kamera yangu, na kila siku nalifungua tundu la lenzi vizuri, lakini nikishapiga huangalia na nyuma ya ndege. Mtu akiniuliza nimefaidi nini kwa kuchomwa na jua, humwambia nimefaidi macho, naye hudhani natania.

Picha ile nilikwisha kuisamehe jioni ile ile. Kichochoro chetu ni chembamba, waweza kumpa jirani sahani ya sukari dirisha kwa dirisha, na yasemwayo ng'ambo huyasikia hata usipotaka. Magharibi ilikuwa imeadhiniwa. Nilisikia mlango wa chumba cha mwari ukifunguliwa, kisha sauti ya mamake, ya chini, isiyo na ukali.

"Mwanangu, safari hii nakuuliza mimi. Usininyamazie."

Kitanda kililia, kama mtu aliyeinuka kuketi. Kisha nikamsikia binti.

"Mama, nikisema la, n'tasikizwa?"

"Sema, mwanangu."