Mama wa Mto

Ofisini hatumwiti kwa jina. Tunamwita mama wa mto. Mwaka jana mafuriko yalimchukua kifungua mimba wake kule Mwala, akivuka kwenda shule, na mimi ndiye niliyemrekodi mama huyo akigaagaa mchangani. Picha zile zilizunguka nchi nzima. Nilipongezwa na nikafurahi, Mungu anisamehe.

Mwaka ulipotimia, mhariri akanituma tena. Sisi watu wa televisheni tunapenda sana mwaka ukitimia. Hapo katikati kila mtu na ajipange na msiba wake.

Nilimkuta amejifunga leso ileile ya kwenye picha zile. "Nimeivaa ndio watu wanijue," akaniambia. Kisha akatangulia mwenyewe mpaka ukingoni, akageuka ili jua limpige usoni, vile nilivyomwelekeza siku ile ya kwanza.

"Nianzie wapi? Pale nilianguka?"

Niliona aibu, lakini kamera nikaiweka begani.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hii kulia, nitalia. Lakini wewe useme daraja. Walituahidi hapa, na hata jiwe moja hawajaleta. Na huyu mdogo wake bado anavukia hapahapa."

"Nitasema, mwaitu," nikamjibu. Kwetu ndivyo tunavyomwita mama, awe wako au wa mwenzako.

Akalia. Alianza kama mtu anayefanya kazi aliyopewa, lakini katikati kilio kikamzidi nguvu, akaishika leso kwa meno. Sikuzima. Alipotulia, niliisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikasimama mbele ya lenzi na kusema yote: daraja lililoahidiwa, mto uleule, mtoto aliyebaki.

Mhariri alibakisha kilio. Maneno ya daraja aliyakata, eti yanapoza habari. Ningeweza kubishana naye. Lakini nilikuwa na njaa, na picha ilikuwa nzuri, nikanyamaza.

Kesho yake mama akanipigia. Stima zilikuwa zimepotea kwao, hawakuona habari.

"Ulisema daraja?"

"Nilisema, mwaitu."

Na si nilisema kweli? Ni vile tu hakuna aliyesikia. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni, nikajichukia hapohapo.

"Asante sana, mwanangu. Nilikuwa nimpeleke huyu mdogo kwa nyanyake kule Kivaa mpaka mvua iishe. Sasa kama wamesikia, watakuja tu. Wacha abaki asome."

Hapo ndipo ningemwambia. Mdomo niliufungua, nikasema sawa.

Leo mawingu ya mvua yamefunika vilima vya Iveti, upande wa Mwala, tangu asubuhi. Mhariri ameshauliza kama bado niko na namba ya mama wa mto. Ninayo. Nimeitafuta kwenye simu na iko hapa mbele yangu, na ninachoshindwa ni nianzie wapi.