Kiputo Kilichotundikwa Sebuleni

Saa mbili asubuhi, mtafiti anavua viatu chini ya meza, anasogeza kiti na kufungua grafu mpya kwenye kompyuta. Anaipitia kwa kidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Anatafuta viputo. Jua hupuliza upepo wa plazima, yaani gesi ya chembe zenye umeme. Upepo huo ukikaribia sayari yenye ngao ya sumaku hufunga breki ghafla, na mbele ya hapo wakati mwingine huzuka msukosuko: kiputo cha joto kali kinachovimba, kisha kutoweka.

Mwaka jana alipata kimoja kikubwa. Baba yake, fundi wa kuchomelea aliyestaafu, aliyemlea peke yake, akaitundika grafu ya kiputo hicho sebuleni. Mgeni hakukaribishwa hata kiti kabla hajaonyeshwa.

"Binti yangu si mchezo," alitamba.

Mwezi uliopita mtafiti alilinganisha kiputo hicho na ratiba ya chombo cha angani kilichokipima. Muda uleule chombo kilikuwa kimewasha injini zake ndogo ili kijigeuze. Kiputo kilikuwa gesi ya chombo chenyewe.

"Nililia chooni, sikufichi," anasema. "Kukiri mbele ya wenzangu kulikuwa afadhali. Kazi ilikuwa kumwambia baba."

Macho ya mzee yameharibiwa na cheche za miaka mingi, na yanazidi kufifia. Hamu yake ilikuwa kuona ugunduzi wa bintiye angali anaona.

Mtafiti alimwambia Jumapili, akimkata kucha.

"Kwa hiyo ni uongo?" mzee aliuliza.

"Si uongo, baba. Nilikosea."

"Basi. Geti langu la kwanza liligoma kufunga, na mwenye geti kasimama ananitazama. Nikalikata, nikachomelea upya. Wewe nani kakukataza?"

Kisha akainuka kuishusha grafu mwenyewe, isije ikawadanganya wageni. Mtafiti anasema hajawahi kumpenda baba yake kama siku ile.

Sasa kila kiputo anakilinganisha kwanza na ratiba ya injini. Vingi vinaanguka, lakini hakati tamaa. Anapanga pia kuvigeuza vipimo kuwa sauti kwa kompyuta, ili hata macho ya baba yakizima, kiputo cha kweli kikipatikana akisikie.

Alimpigia simu kumweleza. Mzee alikohoa.

"Haya, mama. Ila fanya upesi, masikio nayo yana umri."